Nilivyoziba Lango la Volterra Nikiwa Amherst

Siku ya kwanza kazini niliogopa mpaka meno yakataka kuhama kinywani. Zamu ilianza saa moja asubuhi. Nilitoka mtaa wetu wa Beechmont na basi la kwanza kabisa, basi ambalo hata dereva wake alikuwa bado anaota, na nilipofika kwenye ile nyumba ya wazee nikakuta mlango umefungwa. Nikazunguka jengo mara saba kama wale walioizunguka Yeriko. Bon, labda mara tatu. Lakini nilizunguka, na theluji yote ya Louisville iliingia kwenye viatu vyangu.

Tulikuwa na miezi minne tu Marekani tangu tutoke kambi ya wakimbizi, Kigoma. Kiingereza changu kilikuwa maneno ishirini, na kumi kati yake yalikuwa majina ya vyakula. Shule sikusoma. Kwetu milimani, Kivu ya Kusini, shule ilikuwa ng'ambo ya mito miwili, na mito ile ilikuwa na tabia ya kula wanafunzi.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa nesi mkuu wa zamu, mwanamke ambaye akicheka sahani zinaruka kabatini. Akanipa mzee mmoja nimuoshe. Sasa nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo hamwezi kuelewa. Kwetu mtoto wa kike hamwoni baba wa rika lile akiwa bila nguo. Ukimwona, unatafuta shimo. Nikafanyaje? Nikafumba macho, nikaosha. Nikaosha kwa nguvu zote, na moyo unapiga kama mtu anayetwanga mihogo.

Nesi mkuu akaingia, akasimama. "Esta," akasema, "hicho kiti hakijawahi kung'aa hivyo tangu kinunuliwe. Sasa muoshe na aliyekikalia."

Mzee mwenyewe alicheka mpaka povu likamtoka puani. Tangu siku ile nilioga aibu yangu nikaimaliza.

Nilikaa pale miaka sita, na kazi niliijua. Niwaambie kidogo, maana siku hizi mnafundishwa kwenye simu. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani unamgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, kulia, mgongo, ili asitoke vidonda vya kulala. Vidonda hivyo vinaanza kama alama nyekundu ndogo, na ukizembea vinafika mfupani. Mgonjwa anayetembea unamfunga mkanda mpana kiunoni, unaushika kwa nyuma, ili akianguka muanguke wawili, pole pole, wewe chini. Na mtu ambaye koo lake limesahau kumeza, hata maji yake unayatia unga yawe mazito, la sivyo yanaingia mapafuni. Kazi yote ni hiyo: unasimama kati ya mtu na kitu kinachotaka kumchukua. Atakayekwambia haogopi, huyo usimwachie bibi yako.

Kisha binti yangu mkubwa, Neema, akaolewa Columbus, mumewe anafanya kazi kwenye ghala moja huko, nikawafuata Hilliard, pembeni ya mji huo. Nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee waliosahau. Milango yake inafunguliwa kwa namba, maana kule kila mtu anataka kwenda nyumbani, na nyumbani pake ni mwaka ambao umeshapita.

Mkuu wa zamu pale alikuwa dada wa Kitanzania, mtu wa Tanga, nesi aliyesoma akasomea tena. Alikuwa na umri wa mwanangu. Kila asubuhi ananipa shikamoo kwa heshima zote, halafu kwa pumzi ileile anaanza kunipa amri.

"Shikamoo Mama Neema."

"Marahaba mwanangu."

"Mama Neema, jana umemwambia yule bibi wa chumba cha nne kwamba mumewe amepanda treni, anakuja?"

"Alikuwa analia. Aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikasema yuko njiani."

"Sawa. Hapo hukukosea. Lakini ukaongeza kwamba analeta mbuzi."

"Mbuzi wawili."

"Mama! Bibi hajalala! Amekaa anasubiri mbuzi!" Akashika kiuno. "Nisikilize mzazi wangu. Mtu aliyesahau humbishii. Akisema leo ni Krismasi, mwitikie. Lakini usimwongezee. Wewe mdomo wako una injini ya lori, unajua kupanda mlima, haujui breki."

Kutobisha nilikujua tangu tumboni. Kwetu mzee habishiwi, hata akisema jua limechomoza magharibi unasema ndiyo papa, na leo limechelewa. Lakini kutoongeza! Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Nikiona hadithi fupi nahisi kama nimeona mtoto hana shati.

Miaka ikaenda, Neema na mumewe wakahamia Buffalo, mimi nyuma yao kama mkokoteni. Huko sikufanya tena kwenye nyumba ya wazee. Nilianza kutunza watu majumbani kwao. Bosi wangu alikuwa kodineta, yaani yule anayepanga nani aende nyumba gani. Sura yake sikuijua kwa mwaka mzima, alikuwa sauti tu ndani ya simu. Akanituma Amherst, pembeni ya Buffalo, kwa mzee mmoja.

"Anaitwa Aldo," akasema kodineta. "Mtaliano. Anakaribia miaka tisini. Kumbukumbu inakwenda. Binti yake ni mwalimu, anatoka saa moja, anarudi saa kumi. Soma karatasi ya mpango wa matunzo. Ni lazima afanye mazoezi ya mikono na atembee. Watunzaji watatu wamejaribu, amewakatalia."

Papa Aldo. Nilimwita papa, kama tunavyowaita baba zetu, tangu siku ya kwanza, naye akaniangalia kama mtu aliyesikia jina lake baada ya miaka mingi. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na mikono, jamani, kila kidole kama mhogo. Ujanani alikuwa anachonga alabasta, jiwe laini jeupe ambalo ukiliweka mbele ya taa mwanga unapita ndani. Alisema walikuwa wanatoka karakana weupe kuanzia nywele hadi viatu, mpaka mbwa wa mji wakawa hawabwekei tena mizimu. Hiyo ya mbwa inawezekana niliitia mimi.

Kutembea alikataa kweli. Ukimwambia "Papa, twende mazoezi," anageukia ukuta. Sasa kwenye korido ya ile nyumba binti yake, Klara, alikuwa ametundika picha za mji wa baba yake. Siku moja nikasimama mbele ya picha nikauliza, "Papa, hapa ni wapi?"

Akainuka mwenyewe! Akashika kile kigari chake cha kutembelea, nikawahi na mkanda, tukaenda.

"Volterra," akasema. "Nifuate. Usipotee."

Donc, basi, mimi ambaye Italia sijaiona hata nikiwa kwenye ndege, niliijua Volterra chumba kwa chumba. Mji uko juu ya mlima, upepo wake unavua watu kofia. Waliuanzisha Waetruski, watu waliokuwepo kabla ya Waroma kuwa Waroma, wakauzungushia ukuta wa mawe makubwa, kilomita saba na zaidi. Korido ndiyo barabara kuu. Sebule ni kiwanja cha mji, na kabati la vyombo ndilo jengo la wakubwa wa mji lenye mnara, la zamani kuliko yote ya aina yake mkoa ule. Chumba cha kufulia ni ukumbi wa michezo wa Waroma: ulifukiwa ukasahaulika kabisa, watu wakatupa takataka juu yake, mpaka wakaja kuuchimba. Nilipoangalia rundo la nguo chafu mle ndani nikasema, "Papa, naamini kabisa."

Ngazi za kwenda juu zilikuwa ngome. Ngome ile ni gereza, mpaka leo wafungwa wamo. "Huko hatupandi," akaniambia kwa sauti ndogo. Kitundikio cha makoti kilikuwa sanamu ya shaba ya mtoto, nyembamba na ndefu kama kivuli cha mtu jua likizama, iko kwenye jumba lao la vitu vya kale. Nikamwambia kijijini kwetu tulikuwa na mtu mwembamba hivyo, mvua ikinyesha anapita katikati ya matone. Alicheka mpaka nikamshika mkanda kwa mikono miwili.

Lakini kwenye dirisha la jikoni hakucheka. Pale ni magenge. Upande mmoja wa ule mlima ni mchanga na udongo, unamomonyoka kila mwaka, umeshameza makaburi ya Waetruski, umemeza kanisa, umemeza nyumba, na kuna nyumba ya watawa imebaki ukingoni, tupu, inasubiri zamu yake. Tukifika sinki ananikamata mkono. "Usisogee. Ardhi inakula." Na mimi mtoto wa mlima, niliyeona shamba la baba yangu likishuka na mvua lote usiku mmoja, migomba ikiwa imesimama, nilikuwa nasogea nyuma kweli.

Mwisho wa safari ulikuwa mlango wa mbele. Hilo ndilo lango la upinde, mawe yake ya chini yamekaa pale zaidi ya miaka elfu mbili. Juu ya upinde kuna vichwa vitatu vya mawe, upepo umekula sura zao zote, hujui kama ni miungu au majirani. Juu ya mlango wetu kulikuwa na kofia tatu za Klara zimetundikwa.

Na hapo ndipo mzee alinihadithia jambo alilolifanya akiwa mtoto. Wakati wa vita vya pili vya dunia, wanajeshi wa Kijerumani walitaka kulilipua lango lile ili adui zao wasipite. Watu wakawaomba: tuachieni, tutaliziba wenyewe. Wakapewa siku moja. Mji mzima ukatoka, wanaume, wamama, watoto, wakang'oa mawe yaliyotandikwa barabarani, wakapokezana mkono kwa mkono, wakaliziba lango mpaka juu. Likapona. Alipokuwa anasimulia, vidole vyake vilikuwa vinafunga na kufunguka vyenyewe.

Nikaona mazoezi ya mikono hayo hapo.

Nikaleta matakia ya kochi, kumi na mawili, manene, yale ya kahawia. Nikamwambia, "Papa, jiwe." Akapokea. Akanyanyua juu ya kifua, akapanga mlangoni. Lingine. Lingine. Mtu aliyekataa kuinua kijiko! Wiki ya tatu akaja mtaalamu wa viungo na kile kipimo cha kukamua kwa kiganja, akamwambia mzee kamua, akatazama namba, akatazama tena. "Mikono imepata nguvu sana," akasema. "Chochote mnachofanya, endeleeni."

Nikaendelea. Na mnanijua. Kwenye hadithi ya mzee askari walikuwa wachache. Baada ya mwezi mmoja mikononi mwangu walifika elfu arobaini, wana mizinga mirefu kama barabara ya kwenda Rochester. Kila siku nikaongeza. Siku moja, ili asiache kazi katikati, nikamwambia, "Papa, angalia usitoe jiwe hata moja. Ukitoa moja tu, mji wote unaruka hewani."

Akaitikia kwa kichwa, macho makubwa. Aliniamini.

Akishachoka analala kwenye kiti chake. Akilala, mimi natoa matakia, narudisha kwenye kochi. Kwenda kliniki tulipita mlango wa nyuma, wenye njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu. Kwa hiyo yule mzee lango aliliona likizibwa kila siku ya Mungu. Likifunguliwa, hakuliona hata siku moja. Mimi sikuliwaza hilo. Nilikuwa na furaha.

Ile siku, theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo. Buffalo haina theluji, ina mbingu iliyochoka kukaa juu. Asubuhi ile kukawa kweupe, barabara zikafunguliwa, shule zikafunguliwa. Klara alisafisha njia ya mbele, akaniambia, "Ya nyuma nitaisafisha nikirudi, Esta. Msitoke leo," akaenda kazini.

Mzee aliamka hatulii. Saa tatu tulikuwa tumeshaziba lango. Kichwa kikaanza kuniuma, nikasema ni chai, sijanywa. Mzee naye akashika paji la uso akasema kuna moshi wa mizinga. Sikuona moshi wowote. Nikacheka.

Halafu kile kidude cheupe cha ukutani kikaanza kulia. Si mlio wa betri. Mlio wa kuamsha wafu, mara nne, kinanyamaza, mara nne. Nilikijua, tulifundishwa Louisville: hiyo ni gesi ya tanuru la kupasha nyumba joto, haina harufu, haina rangi, unasinzia na huamki. Theluji ilikuwa imeporomoka kutoka kwenye paa ikaziba bomba la moshi ubavuni mwa nyumba. Hilo tulilijua baadaye.

Nikapiga namba ya dharura. Mwanamke akajibu. "Mko wangapi?"

"Wawili. Mmoja mzee."

"Tokeni nje sasa hivi. Gari linakuja lakini barabara ni mbaya. Usisubiri ndani. Umenielewa? Tokeni."

Mbio mlango wa nyuma. Nikasukuma. Theluji imejaa mpaka kwenye kitasa, mlango unafungukia nje, haukwenda hata upana wa kidole. Nikapiga bega. Nikapiga tena. Magenge nyuma, lango mbele.

Nikamfunga mzee mkanda, nikamvisha koti langu juu ya pajama. "Papa, twende, tunatoka." Akanifuata vizuri tu mpaka koridoni. Alipoona napiga teke takia la kwanza, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Acha! Utawaua wote!"

"Papa, ni takia!"

"Msaliti! Wamekupa nini? Wajerumani wamekupa nini?"

Mimi natoa, yeye anarudisha. Mimi natupa nyuma, yeye anaokota, anapanga. Na king'ora kinalia, na kwake king'ora kile ni vita yenyewe. Nikaona hakuna maneno, nikashika mkanda nimvute. Akakamata miimo ya mlango, mkono huku, mkono huku. Nikavuta. Nyie, mimi nilibeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni kutoka milimani mpaka ziwani. Sikuweza kukibandua kidole kimoja cha mzee yule. Vile vidole nilivilisha mimi, takia kwa takia, miezi mitatu.

Nikapitisha mkono juu ya bega lake nikafungua mlango kidogo, hewa iingie. Akauzuia kwa mgongo, ukafunga. Akapepesuka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho yangu yakaanza kuona korido ndefu, ndefu kama barabara kuu ya kweli, na nilisikia usingizi mtamu, mtamu kabisa, wa kukaa tu chini hapo kwenye zulia.

Nikajipiga kofi. Nikafikiri: Esta, uliongeza. Sasa huwezi kupunguza. Nikimwambia nilidanganya, ataniona adui. Nikimwambia Wajerumani wameondoka, atauliza nani kasema. Basi niitikie nini cha kweli ambacho yeye mwenyewe anakijua?

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, karibu na sikio, maana kengele ilikuwa inalia. "Papa. Haya mawe mliyatoa wapi?"

"Barabarani," akasema. Hakuachia mlango.

"Na barabara sasa ikoje?"

Kengele mara nne.

"Papa, barabara ikoje?"

"Udongo," akasema. "Udongo mtupu. Wamama wanateleza."

"Barabara ya watu mtaiacha hivyo? Nyinyi mafundi wa mawe?"

Akaniangalia. Ndugu zangu, fundi ni fundi. Mtu anaweza kusahau jina la mkewe, lakini kazi iliyoachwa nusu inamuwasha. Nikaona kidole kimoja kimelegea.

"Lazima yarudishwe," akasema polepole. "Tuliyarudisha. Wakati adui za Wajerumani walipofika. Kila jiwe."

"Basi tuyarudishe. Mimi niko nje, wewe nipe."

Akasogea hatua moja, nikateleza chini ya mkono wake, nikafungua mlango, nikasimama kwenye theluji na soksi. "Jiwe!"

Akanipa. Nikalaza takia la kwanza kwenye ngazi. "Jingine, Papa! Kanyaga hilo uje unipe jingine!"

Akakanyaga. Mguu mmoja nje. Nikaanza kushukuru Mungu kwa sauti, akanikatiza. "Limepinda."

"Nini?"

"Jiwe limepinda. Linyooshe."

"Papa, tutalinyoosha baadaye, gesi..."

"Linyooshe!"

Nikalinyoosha. Nikiwa nalia nikalinyoosha, kamasi zinaganda puani. Akaweka mguu wa pili. Akageuka, akaingiza mkono ndani ya mlango, akaokota la tatu, nikashika mkanda kwa nguvu zote, akalaza mwenyewe, akalipima kwa jicho moja, akaligonga kwa kiganja. La nne. Hivyo ndivyo tulivyotoka kwenye nyumba ile, hatua moja takia moja, mpaka kwenye njia ya magari. Kila jiwe alilikagua. Nilizeeka miaka mia na thelathini.

Gari la zimamoto lilipofika lilikuta mzee amevaa koti la kike, amesimama juu ya takia la kahawia katikati ya theluji, ananigombeza kuhusu mstari. Kijana wa zimamoto akaingia na kipimo chake, akatoka mbio zaidi ya alivyoingia. Akatuuliza, "Mmekaa humo muda gani?"

Nikainama, nikajifanya nanyoosha takia. Niliona aibu.

Hospitali walitufunga barakoa za oksijeni, vitanda viwili jirani. Jioni mzee alikuwa anaomba supu, hakumbuki lolote. Klara alikuja mbio na viatu viwili tofauti. Akanikumbatia, akasema asante, asante, na kila asante iliniingia kama sindano. Nikamwambia, "Usinishukuru kwanza." Nikamweleza yote. Matakia, askari elfu arobaini, ile ya mji kuruka hewani. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu duniani isipokuwa baba yako, nikasema, na aliyeufunga ni mimi.

Alikaa chini. Alimshika baba yake mguu juu ya blanketi, mimi akanipa mgongo.

Kesho yake kodineta akapiga simu. "Esta, simu ya dharura imeingia saa nne na dakika mbili. Mmeonekana nje saa nne na dakika kumi na sita. Dakika kumi na nne, mlango uko hatua kumi. Niandike nini?"

Nikamweleza.

"Kwenye fomu hii," akasema, "hakuna mahali pa kuandika matakia."

"Andika kwamba mtunzaji aliziba mlango wa kutokea."

"Ukisema hivyo nakutoa kwenye nyumba hiyo."

"Andika."

Akanitoa. Wiki tatu nilikaa kwa Neema nikisubiri barua ya kufukuzwa, kila gari la posta likipita nakimbilia dirishani. Mjukuu wangu ananiuliza kwa Kiingereza, bibi, mbona hutuhadithii kitu? Nilikuwa sina kitu cha kuhadithia. Kila nikifungua kinywa nasikia kengele mara nne.

Wiki ya nne ndipo Klara aliponipigia mwenyewe. Mtunzaji mpya alikuwa mzuri, hana kosa, lakini mzee hatembei, amegeukia ukuta. "Nimekuwa na hasira na wewe, Esta," akasema. "Bado ninayo kidogo. Njoo, hasira yangu utaikuta humuhumu."

Kodineta alikubali kwa sharti, akaliandika kwenye mpango wa matunzo, karatasi rasmi yenye muhuri: kila siku, kabla mteja hajapumzika, lango lifunguliwe kwa mikono yake mwenyewe. Nadhani katika jimbo zima la New York hakuna karatasi nyingine ya namna hiyo. Tukafanya hivyo, kuziba na kuzibua, mwaka mmoja na zaidi, mpaka mikono yake ikachoka kabisa. Alifariki kitandani kwake, mchana, ngozi yake safi bila kidonda. Mwezi uliofuata nilistaafu. Magoti yalikuwa yameshastaafu kabla yangu.

Siku hizi Jumapili baada ya ibada vijana wanaoanza kazi hii wananizunguka, Mama Neema tuambie, tuambie ile ya matakia. Wanacheka, na mimi nawachekesha, najua wapi pa kusimama ili wacheke. Naongeza theluji, naongeza zimamoto, kila mwaka gari lao linakuwa refu zaidi. Zile dakika kumi na nne tu siziongezi. Kisha kila mara mmoja anauliza, na gesi, mama, hukuiogopa?

Gesi hata sikuiona. Niliiogopa mikono ya yule mzee kwenye miimo ya mlango, kwa sababu mimi ndiye niliyeifundisha kushika.